Hilux dabo kabini: boksi la sabufa chini ya kiti au bodini? La kufunga au la bomba?

pikapu_fuoni

Assalaam alaykum wakuu. Nina Hilux dabo kabini, nipo Fuoni, Unguja. Nataka kuweka sabufa moja ya inchi 12. Amplifaya ninayo tayari, ya chaneli moja: wati 500 RMS (za kudumu) kwa omu 2, wati 300 kwa omu 4. Fundi mmoja ananambia chini ya kiti hapatoshi, tutengeneze boksi kubwa la bomba (lenye bomba la kupitishia hewa) tulikalishe bodini, halafu tutoboe ukuta wa nyuma wa kabini ili mdundo uingie ndani. Mwengine anasema boksi la kufunga (lisilo na tundu lolote) chini ya kiti cha nyuma linatosha kabisa, nisiharibu gari.

Nimepima chini ya kiti (jeki nimeihamisha). Upana sm 104, kutoka mbele ya kiti mpaka ukutani sm 30, kwenda juu sm 20 kwa nyuma na sm 16 kwa mbele. Nasikiliza zaidi taarab ya kisasa na bongo fleva, singeli mara moja moja.

Nishike la nani? Na mbao ipi, maana MDF ndiyo inayopatikana kirahisi.

---

sautiChake

Wa alaykum salaam. Afadhali umekuja na vipimo. Wengi huja na jina la spika tu, wakati kwenye pikapu nafasi ndiyo inayochagua spika.

Inchi 12 isahau kwa hapo. Fremu yake ina upana wa sm 31 au 32, na kina chako ni sm 30. Haiingii hata ukiipiga nyundo. Inchi 10 fremu yake ni kama sm 27, inakaa na inabaki sentimita moja na kitu kila upande. Tena iwe ile ya kina kifupi, iliyotengenezwa kwa ajili ya chini ya viti, ambayo kutoka chini ya ukingo wa fremu mpaka mgongo wa sumaku haizidi sm 8.

Spika itazame chini, si juu. Ikitazama juu, koni inapiga moja kwa moja kwenye mto wa kiti, na siku watu watatu wazito wakikaa nyuma, mto unaigusa. Ikitazama chini unanyanyua boksi kwa miguu ya sm 5. Kwa nini 5 na si 2? Hewa inayosukumwa na koni lazima itoke kwa pembeni. Koni ya inchi 10 ina eneo la kama sm² 330. Mzunguko wa duara la inchi 10 (sm 25) ni kama sm 78, ukizidisha kwa 5 unapata sm² 390, hewa inapita bila kubanwa. Kwa sm 2 unapata sm² 156 tu, nusu ya koni, na hapo utasikia besi imeziba. Usijaze zulia nene wala mikeka ya mpira ndani ya huo uwazi.

Watu huogopa kuwa spika ikitazama chini koni italegea na kuning'inia. Hilo linahesabika: gawa 248 kwa Fs mara Fs (Fs ni masafa ambayo spika hutikisika yenyewe, yameandikwa kwenye karatasi yake), jibu linakuja kwa milimita. Spika yenye Fs ya Hz 30 inashuka mm 0.28. Kama mwendo wake kwa upande mmoja ni mm 10, hiyo ni chini ya asilimia 3. Ikifika 5 ndiyo uanze kuwa na wasiwasi.

Sasa ujazo. Toa sm 5 za miguu, boksi lako kwa nje linabaki 104 × 30, urefu sm 15 nyuma na sm 11 mbele, wastani 13. Kwa mbao ya mm 18 ndani ni 100.4 × 26.4 × 9.4, yaani lita 24.9. Toa lita 1 na ushei ya spika yenyewe na lita 1 ya mbao za kukazia, unabaki na kama lita 22 na nusu. Kwa inchi 10 fupi, boksi la kufunga, hapo hapana lawama. Thibitisha na karatasi ya spika kabla hujalipa: ujazo unaofaa = Vas ÷ ((0.707 ÷ Qts)² − 1). Vas ni ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na spika yenyewe, Qts ni namba ya jinsi spika inavyojizuia kutikisika. Mfano, Vas lita 22 na Qts 0.5: 0.707 ÷ 0.5 ni 1.414, mara yenyewe ni 2, toa 1 inabaki 1, jibu lita 22. Spika ya namna hiyo inakaa kwako kama imepimiwa. Na ukigawa Fs kwa Qes (ile sehemu ya kujizuia inayotokana na umeme) ukapata chini ya 50, hiyo imezaliwa kwa boksi la kufunga. Ikipita 100 inataka bomba. Katikati inakubali yote mawili.

Kuhusu la kufunga kuwa "halina besi": hilo ni kweli zaidi sebuleni kuliko ndani ya gari. Kabini ni chumba kidogo kilichofungwa, na chini ya masafa fulani sauti nzito hujiongeza yenyewe. Chukua kasi ya sauti, mita 344 kwa sekunde, gawa kwa mara mbili ya urefu wa kabini. Kutoka dashibodi mpaka ukuta wa nyuma tuseme mita 2.4: 344 ÷ 4.8 ni kama Hz 72. Kuanzia hapo kwenda chini kabini inakupa nyongeza inayokaribia dB 12 kila masafa yakishuka kwa nusu. Boksi la kufunga nalo hupoteza dB 12 kila masafa yakishuka kwa nusu. Vinafidiana. Kwa vitendo hupati zote, kwa sababu bati linatikisika na madirisha yanavujisha, lakini sehemu kubwa unaipata bure. Gitaa la besi la nyuzi nne noti yake ya chini kabisa ni Hz 41, kwa hiyo kwenye taarab hutokosa kitu.

Bodini hiyo nyongeza haipo. Ndiyo maana huyo fundi anataka kutoboa.

---

mdundo_mzito

Mbona mnalikimbia bomba? Boksi la bomba kwa wati zilezile linapiga zaidi karibu na masafa lililotegewa, na singeli inataka hivyo. Hizo lita unaweza kuziongeza. Boksi lisinyanyuliwe lote, linyanyuliwe pale kwenye spika tu, kwengine likae chini kabisa.

---

sautiChake

@mdundo_mzito, wazo la kunyanyua sehemu moja ni zuri, tulipige hesabu. Sehemu ya spika upana sm 34 kwa urefu wa ndani 9.4, iliyobaki sm 66 kwa urefu wa ndani 14.4: jumla kama lita 33, ukitoa spika na vikazo lita 31 hivi. Kwa boksi la kufunga ni ziada nzuri kama spika yake ina Vas kubwa.

Sasa lete bomba. Kanuni kwa sentimita na lita: 23562.5 × D² ÷ (Fb² × Vb), halafu toa 0.732 × D. D ni uwazi wa ndani wa bomba, Fb masafa unayotega, Vb ujazo wa boksi, na jibu ni urefu wa bomba. Bomba la PVC la inchi 4, uwazi wa ndani tuchukue sm 10, ujazo lita 30, tutege Hz 38: linatoka sm 47. Lakini bomba lenyewe kwa nje ni sm 11, hizo sm 47 zinakula lita 4.5. Ujazo unashuka hadi lita 25 na nusu, unapiga tena hesabu, bomba linataka kuzidi sm 56, linakula lita nyengine. Kila ukilikaribia linasogea. Halafu mdomo wake wa ndani unataka uwazi wa angalau sm 10 kabla ya ukuta, na boksi lote ni sm 100 lenye spika ndani yake.

Ukishuka kwenye bomba la inchi 3, linaingia vizuri, kama sm 25. Eneo lake ni sm² 44 tu. Kwa wati 500 hewa itapiga mluzi na kuvuma, na ikifika kasi hiyo bomba linafanya kazi kama limezibwa. Boksi la bomba kwa inchi 10 linataka lita 28 hadi 35 baada ya kutoa kila kitu, bomba likiwemo. Hapa halikai. Mwenye kutaka bomba kweli akubali kupoteza kiti cha nyuma.

---

pikapu_fuoni

Nimekuelewa, sabufa ya inchi 10 fupi basi. Kiti siwezi kupoteza, gari inabeba watu. Na hilo la kutoboa ukuta, ubaya wake hasa ni nini?

---

Mkata_Mbao

Nianze na hilo la kutoboa. Kabini na bodi kwenye Hilux ni vipande viwili vilivyokaa juu ya chesisi, na kila kimoja kinacheza kivyake gari ikipita kwenye mashimo. Boksi likishikwa na bodi halafu likaunganishwa na tundu la kabini, kiungo lazima kiwe cha mpira laini wenye mikunjo, la sivyo kinapasuka au kinachana bati. Tundu lenyewe lisiwe dogo kuliko koni. Ukingo wa bati uliokatwa ukikosa praima na rangi siku hiyohiyo, hewa yetu ya chumvi inaanza kuula. Masika boksi linakaa mvuani. Na kubwa kuliko yote: nyuma ya kabini gari ikiwa kwenye mwendo kuna mvuto wa hewa, moshi wa ekzosi unazunguka pale. Mpira ukichanika, ule moshi unaingia ndani kwa abiria, na ile gesi inayoua haina harufu. Kwa gari inayobeba watu mimi siifanyi kazi hiyo.

Mbao. MDF inakatika vizuri, haina mshipa, sauti yake safi, lakini hapa kwetu ina adui: maji. Abiria anapanda na miguu ya bahari, AC inadondosha maji kwenye zulia, na MDF ikinywa inavimba kwenye kingo, skrubu zinalegea, boksi linavuja. Ukiwa huna budi, paka kingo zote gundi ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, mara mbili, halafu rangi ya mafuta ndani na nje kabla hujavalisha zulia. Mimi nachagua marini plaiwudi. Angalia ubavu wa shiti kabla ya kununua: matabaka yawe mengi na yasiwe na matundu katikati. Tundu moja ndani ya plaiwudi linatoa mlio wa kukwaruza ambao utautafuta kila mahali usiuone.

Na hapa natofautiana kidogo na sautiChake. Mm 18 ni nene bure kwa boksi bapa namna hii. Chukua mm 12 na utie vikazo vitatu ndani, kila baada ya sm 25, vinavyounganisha ubao wa juu na wa chini, vimetobolewa katikati ili hewa ipite. Ndani unapata 101.6 × 27.6 × 10.6, yaani lita 29.7. Umeongeza karibu lita 5 bila kugusa kiti. Sehemu ya spika tu ndiyo uibandike ubao wa pili kwa ndani ili skrubu zishike. Bila vikazo, mm 12 itatetemeka kama ngoma, kwa hiyo usivikwepe.

Ubao wa juu unalala kwa sababu nyuma ni juu kuliko mbele: sm 4 ndani ya sm 30, digrii 8 kasoro kidogo. Ubao huo utakuwa sm 30.3, si 30, na kingo za juu za ubao wa mbele na wa nyuma zipigwe randa kwa mlalo huohuo. Ukiziacha mraba, unabaki na ufa mrefu wa sm 100 uliojazwa gundi tu. Kazi yote haimalizi nusu ya shiti la futi 8 kwa 4, kwa hiyo tafuta kipande kilichobaki kwa mtu.

Kwa mm 12 usipige skrubu kwenye ubavu wa ubao, unapasuka. Gundisha kona zote kwa ndani vipande vya mraba vya sm 2 kwa 2, piga skrubu kupitia ubao hadi kwenye vipande hivyo, kila sm 12, ukitoboa kwanza kwa drili ya mm 2.5. Skrubu za stenlesi. Gundi ipakwe mpaka ibubujike nje ukibana. Halafu ndani pitisha silikoni kwenye kila kiungo, kama unavyokalafati chombo, na uiache saa 24 wazi kabla ya kufunga spika. Silikoni ile yenye harufu kali ya siki inatoa tindikali inapokauka. Ukiifungia ndani mbichi, inashambulia waya na gundi ya spika.

Kabla ya yote, tengeneza boksi la makaratasi magumu kwa vipimo vyako, liweke chini ya kiti, juu yake weka madonge matatu ya unga uliokandwa, kaliza watu watatu. Donge likisagika kabisa, mto umeshuka kuliko ulivyopima ukiwa mtupu. Punguza.

---

waya_mwekundu

Mimi nitasema ya umeme tu, hapo juu wamemaliza.

Nunua sabufa ya koili mbili za omu 4. Ukiziunganisha sambamba unapata omu 2, amplifaya yako inatoa wati 500. Ukiletewa ya koili mbili za omu 2, sambamba inakuwa omu 1 na hiyo amplifaya haijatajwa kwa omu 1, itajizima au itaungua. Kwa mfululizo inakuwa omu 4, unabaki na wati 300, ambazo kwa boksi hilo si haba.

Wati 500 kwa amplifaya yenye ufanisi wa asilimia 80 inavuta wati 625, kwa volti 13.8 ni ampea 45. Waya wa mm² 20 hadi 25, fyuzi ya ampea 60, ikae ndani ya sm 45 kutoka betri. Fyuzi ile inalinda waya, hailindi amplifaya. Waya ukisuguliwa na bati katikati bila fyuzi karibu na betri, gari inawaka.

Epuka waya wa aluminiamu uliopakwa shaba. Unauzwa kwa jina la shaba na ni mwepesi mno mkononi. Kwangua kwa kisu: ndani ni mweupe. Kwa chumvi ya huku unageuka unga kwenye viungo. Waya wa shaba uliopakwa bati, ule wa boti, ndio bora. Ethi iwe fupi, chini ya mita moja, kwenye bati la kabini lililokwanguliwa rangi mpaka ling'ae. Usitumie bolti ya kiti. Ukishakaza, pakaza grisi au rangi juu yake, vinginevyo baada ya muda utasikia mluzi unaopanda na kushuka na injini.

Kabla ya kutoboa sakafu kwa bolti za kushikia boksi, lala chini ya gari uangalie: kuna tangi la mafuta, mabomba ya mafuta na ya breki. Na boksi lazima lishikwe. Kilo 12 zisizofungwa, ukipiga breki ya ghafla, zinakuja mbele.

Kutega: LPF (kichujio kinachopitisha sauti nzito tu) Hz 80. Zima kila nyongeza ya besi kwenye redio. Tenganisha spika, cheza mlio wa Hz 50 uliorekodiwa kwa kiwango kamili, redio iwe robo tatu ya sauti, mita iwe volti za AC kwenye matundu ya amplifaya. Panda na geini (kitufe cha nguvu kwenye amplifaya) mpaka volti 31 kwa omu 2 (ni kipeuo cha pili cha 500 × 2), au volti 34 kwa wati 300 za omu 4. Acha hapo. Koili huungua kwa joto la wati zinazozidi uwezo wake, na mawimbi yaliyokatwa vichwa huziongeza wati hizo.

---

pikapu_fuoni

Ahsanteni sana. Mawili ya mwisho. Nitajuaje boksi halivuji? Na jamaa yangu Wete ana kirikuu (kipikapu kidogo cha mizigo), naye anataka sabufa, boksi hilihili litamfaa?

---

Mkata_Mbao

Kuvuja: sukuma koni taratibu kwa vidole vyote sawasawa, uiachie. Boksi lisilovuja linairudisha polepole, kwa uzito. Ikiruka haraka, pana tundu. Kulipata, cheza mlio wa Hz 30 kwa sauti ndogo, washa udi au ubani, pitisha moshi karibu na viungo na kwenye tundu la waya. Pale moshi unapotetemeka au kunyonywa ndipo pa kuziba. Mara nyingi ni kwenye tundu la waya au chini ya fremu ya spika, na dawa yake ni utepe wa sponji laini. Na pamba ya kujaza ndani chukua ile ya poliesta ya mito mipya, kama gramu 350 kwa boksi lako, ichambuliwe isiwe donge. Usufi wa magodoro usitumie, nyuzi zake nyembamba zinaingia kwenye tundu la hewa la sumaku na kusaga koili.

---

sautiChake

Kirikuu ni habari nyengine. Injini iko chini ya viti, joto la pale linaharibu gundi na amplifaya, kwa hiyo chini ya kiti hapana. Kinachobaki ni nyuma ya mgongo wa kiti, penye nafasi ndogo sana. Huko apime kwanza kiti kikiwa kimesogezwa pale dereva anapokaa kweli, halafu atafute inchi 8 fupi, boksi la kufunga lenye umbo la kabari, jembamba juu na nene chini, likitazama mbele na kuachiwa sm 3 kabla ya mgongo wa kiti. Wati 150 hadi 200 zinamtosha, kabini ile ni fupi na nyongeza yake inaanza juu zaidi, kupita Hz 100. LPF ashushe hadi Hz 70, la sivyo sauti za waimbaji zitasikika zinatoka mgongoni.

Na wewe ukishafunga, kaa kiti cha dereva, cheza wimbo unaoujua, geuza waya wa + na − kwenye sabufa, sikiliza tena. Upande ambao besi inanenepa ndio uuache, hata kama rangi za waya zinakwambia vingine.